Mbuzi wamenitangulia kuhamia

Jumamosi moja mwezi wa tatu nilienda site Kibaha, nilikuwa sijakanyaga kama miezi saba hivi, nikakuta mbuzi watano wamelala sebuleni kwangu.

Nasema sebuleni kwa sababu kwenye ramani ni sebule. Kwa macho ni kuta nne zimefika lenta, juu mbingu, chini nyasi, na pale ambapo mke wangu alishaamua kochi litakaa alikuwa amejilaza beberu mmoja mweupe anacheua taratibu, ananitazama kama vile mimi ndo nimevamia.

Nikaanza kupiga makofi kuwafukuza. Ndo akatokea mama mmoja mtu mzima, kanga begani, fimbo mkononi. Shikamoo mama, marahaba baba, za huko utokako, nzuri. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa:

"Karibu mgeni. Unamtafuta nani?"

Nikamwambia mama, hili pagale ni langu.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Ukuta wangu. "Haa! Kumbe mwenyewe upo! Sisi tulishajua umehama nchi."

Tukacheka wote, akanionyesha mihogo aliyopanda upande wa nyuma ("pori lilikuwa linaleta nyoka, nikasema nilime"), tukapeana namba, nikamsevu Mama Mbuzi Kibaha, nikarudi zangu mjini. Ila hilo neno mgeni nilirudi nalo kwenye daladala, nikalala nalo, na mpaka leo wiki ya tisa naandika hapa bado halijanitoka.

## Laki moja ya juu

Wiki ileile mzee mwenye nyumba wetu Sinza akapiga simu. Mzee hana shida, nisimsingizie, miaka saba tumeishi bila kugombana hata kwenye luku. Akaniulizia watoto, akaniulizia kazi, akazunguka wee, mwisho akasema maisha yamepanda baba, kwa hiyo mkataba ukiisha mwezi wa sita kodi itatoka laki nne na nusu itakuwa laki tano na nusu. Na safari hii angependa apate ya mwaka.

Laki tano na nusu mara kumi na mbili ni milioni sita na laki sita.

Sasa sikia kinachouma. Fundi wangu wa Kibaha alishanipigia hesabu ya kupaua, kenchi, bati, misumari na ufundi wake, milioni tano na laki nane. Yaani kodi ya mwaka mmoja ni paa zima na chenji inabaki. Nilijaribu kupiga hesabu ya kodi yote niliyolipa tangu tuhamie Sinza, nilipofika mwaka wa nne nikafunga kalikuleta.

Mwalimu Nyerere alisema kupanga ni kuchagua. Sisi wapangaji wa Dar huo msemo tunausikiaga vingine kabisa.

## Daftari

Usiku huo nikachukua daftari la binti yangu la hesabu, nikachora mstari katikati. Kushoto KUBAKI, kulia KUHAMA. Nikaandika kama mtu anayefanya mtihani. Kubaki: karibu na kazi (mimi niko Posta), shule ya mtoto anaenda kwa miguu, hospitali, maji ya bomba yapo, mke wangu anapofundisha ni daladala moja, dada yake yuko Tandale hapo, mtoto akiugua shuleni shangazi... eh, mama mdogo anamfuata. Kuhama: hakuna kodi, hewa, eneo ishirini kwa ishirini, kuku, mtoto kucheza nje, kwangu.

Upande wa matatizo ya kuhama nikaandika foleni, maji ya kununua kwa dumu, umeme nguzo mbili mbele bado, kilomita nne za vumbi kutoka lami, foleni, shule, foleni.

Waifu akachungulia. "Umeandika foleni mara tatu."

Nikamwambia ndivyo inavyostahili.

Kiukweli mimi sikuandika lile daftari nijue jibu. Jibu nilikuwa nalo tangu simu ya mzee ikate, nilikuwa natafuta sababu za kulisindikiza. Nilitaka kuhama. Nilitaka kuhama kwa hasira, na kiwanja ni kizuri sana ukikifikiria ukiwa na hasira ya kodi.

## Kiwanja chenyewe

Nilinunua 2019. Waliokuwa Dar 2017 wanakumbuka ile bomobomoa ya Morogoro Road, Kimara mpaka Kiluvya, mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, watu wana ghorofa, wana maduka, wana misikiti na makanisa, vyote chini. Leo ukipita pale barabara ni pana mpaka unasahau kulikuwa na nini, ila mimi nilikuwa napanda gari za Mbezi kipindi kile na zile X nyekundu ukutani nilizihesabu kwa macho yangu.

Kwa hiyo dalali aliponionyesha kiwanja karibu na lami nilikimbia. Nikamwambia nipeleke ndani. Akanipeleka ndani. Nikasema ndani zaidi.

Ndo maana niko kilomita nne kutoka lami. Woga wangu wa 2017 ndo bodaboda ya elfu mbili ya leo, kila asubuhi na kila jioni.

Kuna rafiki yangu alinisikiliza nikilalamika akaniambia kama ni mbali basi nenda mbali kweli, hamia Morogoro, treni ya umeme ipo, tangu 2024 watu wanafika chini ya masaa mawili. Tukacheka, halafu usiku nikapiga hesabu kimya kimya. Nauli ya kawaida elfu kumi na tatu, kwenda na kurudi elfu ishirini na sita, mara siku 22 za kazi, laki tano na elfu sabini na mbili. Yaani nitalipa kodi mpya ya Sinza na elfu ishirini na mbili juu, halafu nikalale Morogoro. Nikaachana nayo. Ila naomba ieleweke niliipigia hesabu, ndo ujue nilikuwa nimefikia wapi.

## Siku tatu za majaribio

Mfanyakazi mwenzangu anaishi Kibaha, mbele kidogo ya Maili Moja, ana chumba cha wageni. Nikamuomba nilale kwake siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano, niende kazini na kurudi kama mkazi. Akanishangaa ila akakubali. Mke wake ndo alinionea huruma, "shemeji unajipeleka jela mwenyewe."

Saa kumi kasoro alarm inalia. Saa kumi na nusu tuko barabarani, giza, baridi ambayo mtu wa Sinza haijui, tochi ya simu, mbwa wanabweka, bodaboda. Gari ya Mbezi, kisha gari nyingine. Posta nimefika saa moja kasoro robo, ofisi bado imefungwa, nikakaa kwa mama anayeuza chai nikasinzia nimeshika chapati.

Kurudi ndo balaa. Nimetoka saa kumi na moja kamili, nimefika saa mbili na dakika ishirini. Kwa ujumla masaa matano na nusu barabarani kwa siku. Kutoka Sinza natumia kama mawili na nusu. Tofauti masaa matatu, mara siku 22, masaa 66. Kila mwezi nitampa dereva karibu siku tatu za maisha yangu, usiku na mchana, na nauli nalipa mimi.

Hapo ningetakiwa niseme basi, kesi imeisha.

Ila kuna kitu nilikiona siku ya pili. Kwenye ile gari ya alfajiri watu wanajuana. Yaani wanajuana kabisa. Kuna dada anapandia kituo cha tatu, konda anamwekea siti na hakuna anayegomba. Kuna mzee wa makamo anauza vitunguu mjini, akikaa tu amelala, na ikikaribia anaposhukia yule aliye jirani yake, yeyote yule, anamgusa bega. Kuna siku mtu hakuwepo na gari nzima ilijua kwa nini hayupo, mtoto kalazwa, na mchango ukapitishwa humohumo, kofia ya konda inazunguka kwenye giza kabla hata hatujafika Kibamba. Nilitoa elfu mbili kwa mtoto nisiyemjua wa mtu nisiyemjua.

Siku ya tatu nilichelewa kidogo, nikakimbia, konda akanivuta mlangoni: "Leo umelala, mzee wa Posta."

Siku tatu tu nimeshapewa jina. Sinza miaka saba.

Na hapa niwe mkweli maana nilitaka kuiishia hii stori hapohapo, ingekaa vizuri sana. Alhamisi niliporudi Sinza, nikaenda dukani kununua mkate, Mangi mwenye duka bila kuinua kichwa akaniuliza, "Ulisafiri? Jumatatu mpaka jana sijakuona." Siyo deni, sikuwa na deni. Aliona tu.

Kwa hiyo sijui. Labda mimi ndo sikuwa naangalia.

## Wewe ni wa nyumba ya nani

Ila Mangi ni mmoja. Mwaka jana nilienda ofisi ya serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho, miaka saba kwenye mtaa, yule kijana wa mapokezi akaniuliza wewe ni wa nyumba ya nani. Nikataja jina la mwenye nyumba. "Aaah, kwa mzee fulani!" Akaandika. Mimi nilitambulishwa kwa jina la mtu mwingine, na hata sikuona ajabu, ndo kawaida ya mpangaji. Sensa ya 2022 nayo ilinikuta Sinza, nikahesabiwa kwenye wale watu 5,383,728 wa Dar es Salaam, huku kuta zangu ziko mkoa wa Pwani hazina mtu wa kuhesabiwa. Sijui kama mbuzi walikuwa wameshahamia.

Nikampigia baba, yuko Tabora, mstaafu, nikijua atanipa jibu la wazee la jenga mwanangu. Hakunipa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kodi, foleni, masaa 66, akanyamaza, akauliza swali moja.

"Ukipata tatizo leo, turubai utafunga wapi?"

Kwa asiyeelewa, anaongelea msiba.

Na mimi nilishaiona hiyo. Mpangaji mwenzetu hapa Sinza alifiwa na mama yake mwaka juzi. Watu walianza kuja usiku, wakakaa kwenye korido, wengine kwenye ngazi, wanawake ndani chumba na sebule hakuna pa kukanyaga. Asubuhi kukawa na maneno ya chinichini ya wapangaji wengine, magari yatatoka vipi, kuni zitawashwa wapi, choo kitatosha vipi. Hakuna aliyemfukuza. Yeye mwenyewe aliona. Saa nne asubuhi msiba ukahamishiwa kwa binamu yake Mbagala ambako kuna uwanja. Nakumbuka alivyotoka na mkeka kwapani, mtu amefiwa na mama na bado anatuomba radhi kwa usumbufu.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliouliza gari litatoka vipi. Nilikuwa na kikao.

Nilirudi kwenye daftari nikaandika TURUBAI upande wa kuhama. Halafu nikaliangalia. Kibaha uwanja ninao, ishirini kwa ishirini, mahema mawili yanaingia na mihogo ya mama tukiing'oa. Ila nani atakuja? Nani atasema tumepata msiba kwetu? Watauliza, ni nani huyo, na watajibiwa ni yule mgeni mwenye pagale.

## Alichosema mke wangu

Hapa ndo nilipotakiwa kuanzia, maana wiki zote hizo nilikuwa naongea peke yangu na kuita majadiliano.

Nilimwonyesha daftari likiwa limejaa. Akalisoma lote, yeye ni mwalimu, anasoma na kalamu mkononi. Akasema swali zuri ni lile la baba tu, mengine yote nimejiandikia mimi. Masaa ya barabarani ni yangu. Hewa safi ni yangu ya Jumamosi. Kwangu, kwangu, kila mahali kwangu.

"Wewe unahamia kulala. Mimi nahamia kuishi."

Nikataka kubisha, sikupata pa kuanzia. Akaendelea taratibu bila kupandisha sauti. Wewe utaondoka saa kumi usiku utarudi saa mbili na nusu. Mimi nikipata uhamisho wa huko nitakuwa narudi saa tisa alasiri, nichote maji, au ninunue dumu na kulibeba, nitakaa na mtoto kwenye nyumba haina dari wala grili mpaka wewe urudi, na huyo mtoto akipata homa saa moja jioni nitamwita nani, dada yangu aliyeko Tandale? Nikikosa uhamisho tutaondoka wote saa kumi, na mtoto wa darasa la pili tutamwamsha saa tisa na nusu. Umeona watoto wangapi kwenye ile gari yako ya alfajiri?

Niliwaona. Sikuandika hiyo sehemu juu. Walikuwepo, na sare, wamelala mapajani, mmoja alikuwa amelalia begi langu mpaka Ubungo.

Watu wa Dar tunapenda sana kusema fulani amehamia kwake. Tunasema kwa heshima, hata kama kwake hakuna madirisha, ameziba na mifuko ya saruji, tunampongeza, ameondokana na kero za kodi. Nimempongeza mtu hivyo mara nyingi. Sijawahi hata mara moja kumuuliza mke wake.

Nikamuuliza sasa wewe unatakaje. Nilitegemea aseme tubaki. Akasema hajui, kwa sababu hajawahi kulala huko hata usiku mmoja. Mimi nimelala kwa rafiki yangu kwenye tailizi na feni, nikapikiwa, nikaita majaribio.

"Nataka nilale kwanza. Nilale mara nyingi. Nijue hiyo giza ikoje, na huyo mama wa mbuzi yukoje. Halafu ndo uniulize."

## Tulipofikia

Mzee mwenye nyumba amekubali miezi sita badala ya mwaka. Ile laki moja ya juu hakuifuta yote, alipunguza elfu thelathini tu, tukashukuru. Ile hela ya miezi sita mingine tuliyokuwa tumeitenga haitoshi kupaua nyumba nzima, fundi alicheka nilipomuuliza. Ila alisema kuna chumba cha kona, kile binti yangu alichokichagua kwa sababu kina dirisha kubwa, hicho kinaweza kuezekwa peke yake mgongo mmoja, kikawekwa mlango wa chuma na grili, na choo cha muda nyuma. Bati hizohizo zitatumika baadaye kwenye paa lenyewe. Kwa hiyo tutakuwa tunaenda Ijumaa jioni tunarudi Jumapili, na likizo ya katikati ya mwaka mke wangu na binti watakaa wiki mbili na mimi nitakuwa nakwenda kazini kutokea huko, na alfajiri, na kila kitu.

Sijui itakuwaje. Inawezekana mwezi wa kumi na mbili tunalipa tena Sinza na bei imepanda tena. Rafiki yangu wa treni anasema tumechagua vyote viwili, yaani tumeongeza gharama kote kote, na kihesabu yuko sahihi.

Mbao zinakuja wiki ijayo na hazina pa kukaa, site haina mlinzi. Nikampigia Mama Mbuzi. Nikaamkia, nikaulizia afya, nikaulizia mihogo, akanijibu mihogo mizuri njoo uchukue. Nikamuomba aniwekee mbao kwake. Akasema lete tu baba, nitazifunika na turubai, ninalo.

Halafu nikamwambia mama, mbuzi wabaki, sina tatizo nao, ila nitaomba chumba kimoja.

"Kipi?"

Kile cha kona, chenye dirisha kubwa.

Akaguna. "Hicho ndo wanachokipenda."